Harusi ya Machano katika Jamhuri ya Shwari

Hadithi hii ingeanza kwa paukwa, lakini katika nchi yetu ya Shwari siku hizi paukwa inaombewa kibali, na kibali changu bado kiko mezani kwa mkubwa. Kwa hiyo naanza hivihivi, mnisamehe.

Mimi naitwa Hamdani, na kazi yangu ni kukodisha maturubai na viti. Mwaka wa thelathini na moja huu. Siasa siijui, wala msiniulize. Niulizeni kamba na vigingi, hapo tutaelewana. Katika Shwari tuna ada yetu ya tangu na tangu: turubai jeupe ni la msiba, turubai la rangi ni la harusi. Hata mtoto wa miaka minne anajua. Ukipita mtaani ukaona jeupe, unaingia, unakaa, unasema poleni, hata kama marehemu hukumjua. Ukiona la rangi, unanusa kwanza kama pilau imeiva.

Ada ya pili ni ya redio. Kila jioni saa kumi na mbili na robo Redio Shwari ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na msomaji wake alikuwa Bwana Songoro, mzee mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Akisema, "Bi Fulani wa mtaa fulani anasikitika kutangaza kifo cha mumewe, habari ziwafikie shangazi zake walio Kidutani na mjomba wake aliye Bonde la Nyuki," basi shangazi hao waliacha sufuria motoni wakafunga safari. Sisi husema mtu hajafa mpaka Songoro amtaje. Mke wangu alipofariki, sikulia hospitali, sikulia kaburini. Nilikuja kulia saa kumi na mbili na robo, nilipomsikia Songoro akilitaja jina lake taratibu, kana kwamba analijua tangu utotoni.

Mke wangu aliniachia mtoto mmoja tu, Saumu. Huyo Saumu alikuwa amechumbiwa na Machano, mwana pekee wa jirani yangu Bi Mize, mlango wa tatu kutoka kwangu hapa Mtaa wa Kinazi. Machano alikuwa mkulima wa ufuta, kijana mrefu, mcheshi, anacheka kabla hujafika mwisho wa kichekesho. Tulipanga harusi iwe baada ya mavuno, na mimi turubai lake nilishalichagua. La rangi ya zambarau, jipya, halijawahi kumfunika mtu.

Sasa sikilizeni mambo ya wakubwa yalivyoingia.

Kuna nchi moja kubwa huko ng'ambo ambayo sisi tunaiita Rafiki Mkubwa, kwa kuwa likitajwa jina lake lingine balozi wake hukohoa. Siku moja Rafiki Mkubwa aliamka akapandisha ushuru wa ufuta wetu mara tano. Alieleza kwamba ufuta wa Shwari unahatarisha usalama wake. Mimi nilikwenda jikoni nikautazama ufuta kwenye ungo, nikajitahidi sana kuogopa.

Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, ambaye nchi nyingine wanamwita rais tu kwa kukosa adabu, alifunga safari akaenda kubembeleza. Akarudi anatabasamu. "Wananchi," alisema uwanjani, "nimezungumza na Rafiki Mkubwa, ana kwa ana, yeye amekaa na mimi nimesimama. Ushuru umeondolewa! Kilichobaki ni jambo dogo la kirafiki."

Jambo dogo lenyewe lilikuwa vijana mia nane. Rafiki Mkubwa ana bomba lake la mafuta linalopita jangwani katika nchi ambayo mimi siwezi kuitamka, na bomba lilihitaji watu wa kusimama kando yake. Tuliambiwa huko hakuna vita. Kuna kutoelewana tu, na kutoelewana kwenyewe ni kwa risasi.

Bungeni palichafuka siku tatu. Sisi tuna vyama viwili, Chama cha Shwari na Chama cha Shwari Halisi, na mtu akiniuliza tofauti yao nitamwonyesha kofia. Kimoja kilitaka isemwe vijana wanakwenda "kulinda" bomba, kingine kikashikilia kwamba wanakwenda "kuliangalia." Wabunge walirushiana chupa za maji. Mheshimiwa mmoja alilia machozi akisema hawezi kuikabili historia na neno "kulinda" mdomoni. Swali la kama vijana waende au wasiende halikuulizwa, muda ulikuwa umekwisha.

Wakachukuliwa wakulima wa ufuta, maana mwenye faida ndiye mwenye zamu. Machano alipanda lori asubuhi ya Jumatano. Alimwambia Saumu, "Nisipowahi palizi, mwambie mama asiache magugu yakafika magotini." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na wala hayakuwa ya mapenzi, maskini. Alidhani ana muda.

Kulikuwa na sharti moja katika mkataba ambalo halikusomwa uwanjani. Rafiki Mkubwa ana jicho lake huko angani, linazunguka usiku na mchana, linaangalia marafiki zake wanaendeleaje. Sharti lilisema: nchi rafiki itakayoonekana kulia itahesabiwa kuwa imechoka, na ushuru wake utarudi. Na jicho hilo, lilivyo na akili, lilikuwa limeshajifunza rangi za maturubai yetu.

Mwezi wa tano tangu lori liondoke akarudi Vuai, kijana wa mtaa wetu aliyekuwa kikosi kimoja na Machano. Alirudi bila mkono wa kushoto. Barua yake ya kuachishwa iliandikwa kwamba mkono huo "haukurejea pamoja na mhusika," na akatakiwa atie sahihi kukubali kwamba aliondoka nao ukiwa mzima.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mize, hata kwao hakupitia. Mimi nilikuwa hapo, natengeneza mguu wa kitanda chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

Vuai akakaa chini, sakafuni, mkekani hakukaa. "Mama, Machano nimemzika mimi. Mimi na mwenzetu mmoja. Tulimwelekeza kibla kwa kukisia, maana pale hapana mti wala jiwe."

Bi Mize hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Kaka Hamdani, nenda kalete turubai jeupe. Na mimi nipeleke redioni. Shangazi zake wasije wakasikia kwa watu baki."

Alimwomba Vuai amwandikie karatasi. Majina yalikuwa manane: shangazi watatu wa Kidutani, mjomba wa Bonde la Nyuki, mama yake mdogo wa Mchangani, na wengine wa upande wa baba. Nikashusha vigingi mlangoni kwake, tukaenda.

Redioni tulimkuta kijana mmoja dirishani, amevaa tai.

"Vifo vimefungwa, mama," alisema.

"Vimefungwa mpaka lini?"

"Mpaka vifunguliwe."

"Mwanangu, mtoto wangu kashakufa. Hakujua kama mmefunga."

Kijana akavuta daftari. "Yuko nje ya nchi? Kwa kazi ya bomba? Basi huyo hajafa, mama. Hao wanaitwa waliochelewa kurudi. Nikuandikie cheti cha kuchelewa?"

Bi Mize akashika kingo za dirisha. Hapo ndipo alipotoka Bwana Songoro mwenyewe. Sauti yote ile, kumbe mwili wake mdogo, shati limemzidi. Alituambia kwamba tangu vifo vifungwe amehamishiwa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Anasoma jua na upepo.

"Bibi," alisema, "nipe hiyo karatasi."

"Utaisoma?"

"Sina ruhusa." Aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. "Lakini usirudi nayo nyumbani. Itakuumiza."

Tuliporudi, mtu wa serikali alikuwa ameshakaa kwangu anakunywa maji. Bwana Lugendo, Afisa wa Furaha za Umma. Mtu mpole kweli, na harufu nzuri. Alikuwa ameona vigingi vyangu nje kwa Bi Mize.

"Mzee Hamdani," akasema, "turubai jeupe limepigwa marufuku tangu Jumatatu. Hukusikia?"

"Sikusikia, bwana. Tangazo lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa la siri."

Akanieleza kwa utulivu. Serikali haikatazi mtu kukaa msiba, haina roho mbaya hiyo. Inachotaka ni msiba ufanane na harusi. Turubai liwe la rangi, matarumbeta yapigwe, mgeni rasmi aalikwe, na bibi harusi awepo. "Chini ya turubai mtu akilia, alie zake. Jicho la Rafiki Mkubwa halioni chini ya kitambaa. Ila kelele za kilio zisizidi vigelegele. Hilo tutalipima."

"Na asiyetaka harusi?"

"Basi hakuna mkusanyiko. Watu wakae makwao, walie mmojammoja."

Nikasema, "Bi Mize hana bibi harusi."

Afisa akafungua jalada lake, akapitisha kidole. "Machano. Mchumba wake, Saumu binti Hamdani." Akainua uso, amefurahi kabisa, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. "Si binti yako huyu? Loo, mzee, kazi yetu nusu imekwisha!"

Hapo ningesema neno. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikilifikiria huwa zuri zaidi. Lakini siku ile nilitazama jalada, nikatazama leseni yangu iliyotundikwa ukutani, nikasema, "Nitamuuliza mwenyewe." Mwoga mimi, wallahi.

Saumu alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Alitoka macho yamemvimba. Alisema, "Nisipokaa kiti cha bibi harusi, watu watamjia mama Mize kumpa pole?"

"Hawatamjia, mwanangu. Ndiyo amri."

"Basi nitakaa."

Turubai la zambarau nililifunga mwenyewe, Jumamosi asubuhi. Fundo moja nililifunga mara tatu na mara tatu likafunguka.

Watu walijaa. Walikuja na nguo za harusi kama ilivyoamriwa, na ndani ya kanga zao wanawake walikuwa wameficha vitambaa. Matarumbeta yalipigwa na vijana watano wasioangalia watu usoni. Pilau ilikuwa ileile, pilau haijali. Imamu wetu alialikwa afungishe ndoa, akasema leo ana homa. Akaja hata hivyo, akakaa nyuma kabisa, nikamwona midomo inacheza, anamsomea marehemu. Ndoa ikafungishwa na karani wa Bwana Lugendo kutoka kwenye fomu.

Saumu alikaa jukwaani. Kiti cha pili kiliwekewa kofia ya Machano, ile ya shambani, kwa sababu nyingine hakuwa nayo. Karani alipofika mahali pa kuuliza bwana harusi kama amekubali, alitazama kofia, akatia alama ya ndiyo.

Shida ilikuja kwa mgeni rasmi. Walifika wawili. Mbunge wa Chama cha Shwari na Katibu wa Shwari Halisi, kila mmoja na msafara wake na kamera zake, na kiti cha mgeni rasmi ni kimoja.

"Harusi hizi ni sera yetu!" alifoka Mbunge.

"Kata hii ni ngome yetu!" alijibu Katibu. "Wafiwa hawa ni wa kwetu!"

"Nani kasema wafiwa? Huyu kasema wafiwa! Andikeni!"

Walivutana kiti nusu saa nzima, mpaka mguu ukavunjika. Kiti changu. Mwisho walikubaliana wahutubie pamoja, kila mtu sentensi moja moja.

"Ndugu wananchi," alianza Mbunge, "leo tumeshuhudia kijana shujaa akiingia katika maisha mapya."

"Maisha ya kudumu," akaongeza Katibu, asije akazidiwa.

"Ambayo hayana bei ya unga kupanda."

"Wala ukosefu wa ajira."

Watu tulipiga makofi, ndiyo ada. Bwana Lugendo alimwendea Vuai aliyekuwa pembeni, akamwambia kwa upole, "Na wewe ndugu, piga makofi, unapigwa picha." Vuai akamtazama sana. Kisha akaupiga mkono wake uliobaki kwenye paja lake, mara moja, basi.

Ikafika zamu ya mama wa bwana harusi kupiga vigelegele vitatu. Bi Mize alisimama. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo mimi sijui niiite nini. Ilianza juu kama kigelegele ikashuka, ikashuka, mpaka wanawake wote wakaifuata, na waliokuwa wakipika wakaacha miko yao. Afisa alishika kipimo chake mkononi, anakitazama kisha anawatazama, hajui aandike wapi. Akaandika: "Shangwe kubwa mno."

Jioni alimpa Saumu cheti. Saumu alikisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena.

"Baba," aliniuliza watu walipokwisha kuondoka, "mimi sasa ni nani? Nikae eda? Eda ya nani, na kwenye karatasi mume wangu yu hai? Niolewe? Nitaolewaje, na mimi ni mke wa mtu? Niendelee kuitwa mwali? Niambie basi, unajua ada wewe."

Nilimwambia akale. Ndiyo hekima yote niliyokuwa nayo, miaka sitini na mbili.

Harusi za namna hiyo ziliendelea nchi nzima. Kwa miezi mitatu mimi sikupumzika, maturubai ya rangi yaliisha, tukaazima, tukashona mapazia. Bi Mize alikuwa akija kila jioni saa kumi na mbili na robo, anakaa kibarazani kwangu karibu na redio, kama bado anasubiri. Anasikiliza jua na upepo mpaka mwisho. Kisha anasema, "Leo pia hawakumtaja," anaondoka.

Ikawa siku moja Mheshimiwa Mlezi akaita mkutano wa furaha. Rafiki Mkubwa ametuma salamu za pongezi! Jicho lake limehesabu, limeona Shwari ndiyo nchi inayooza kuliko zote duniani. Watu wake wa hesabu wamekaa wakapiga bongo: nchi inayooza vijana wake kila Jumamosi namna hii, vijana bado inao tele, na wana afya, na wana raha. Kwa hiyo Rafiki Mkubwa anaomba wengine mia nane.

Mlezi akasubiri makofi, akayaanzisha mwenyewe.

Katika hao wapya, mtaa wetu walitoka kumi na mmoja. Walipanda lori palepale alipopandia Machano. Mama mmoja, Bi Tatu muuza vitumbua, alikuja kwangu baada ya lori kuondoka na mwanawe. Hakunigombeza. Alisimama tu mlangoni akasema, "Kaka, maturubai yako yamewaita." Akaenda zake.

Nilikaa siku nzima na neno hilo. Ni kweli, mimi nilikuwa nikifunga fundo zuri, turubai limenyooka, lapendeza hata kutoka mbinguni. Nilikuwa nikijisifu. Na kila nilipovuta kamba, kumbe navuta mtoto wa mtu.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, nilifungua kasha. Turubai jeupe lilikuwa chini kabisa, limeanza kunuka ukungu. Saumu aliniona, akashika upande wa pili. Tukalibeba mpaka kwa Bi Mize tukalifunga uani kwake, tukatoa mikeka. Bi Mize alitoka ndani, akasimama chini yake, akagusa kitambaa kwa vidole.

"Watakuchukua, kaka."

"Wanichukue, dada. Kaa chini."

Akakaa. Saumu akakaa kando yake. Majirani wakaingia mmojammoja, bila matarumbeta, na kila aliyeingia alisema "poleni," neno ambalo nilikuwa sijalisikia miezi mitatu.

Saa nne Bwana Lugendo alifika, jasho linamtoka. Alisimama nje ya kamba. Simu yake ililia pale pale, na kutokana na alivyosimama wima nikajua ni wakubwa wa juu. Jicho limeliona. Balozi wa Rafiki Mkubwa ameshapiga simu kuuliza: kitu gani kile cheupe Mtaa wa Kinazi?

"Ndiyo mheshimiwa," alisema Bwana Lugendo. "Hapana mheshimiwa. Ni jeupe, ndiyo." Alimtazama Bi Mize chini ya turubai. Alinitazama mimi. Sijui alipatwa na nini, labda na yeye ana mama. Akasema kwenye simu, taratibu, "Mheshimiwa, waambieni ni wingu."

Wakubwa walilipenda jibu hilo kupita kiasi. Wingu halilii, wala halina chama. Mkutano wa dharura uliitishwa, vyama vyote viwili vikaunga mkono, jambo ambalo halijawahi kutokea, na ikatolewa taarifa: kitu cheupe kilichoonekana Shwari ni wingu dogo la kawaida la msimu. Na ili balozi asitie shaka, Redio Shwari iliamriwa iliweke wingu hilo katika utabiri wa jioni, na mahali lilipo, na linakoelekea.

Saa kumi na mbili na robo tulikuwa wote chini ya turubai, redio katikati ya mkeka. Ikaanza ile sauti. Lakini haikuwa sauti ya jua na upepo. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya taratibu.

"Huu ni utabiri wa hali ya hewa. Wingu moja jeupe limeonekana leo Mtaa wa Kinazi, juu ya nyumba ya Bi Mize." Nikasikia karatasi inakunjuliwa, kunjo moja, mbili, tatu, nne. "Wingu hilo litaonekana Kidutani, kwa Bi Fatuma Mwinyi, kwa Bi Raya Mwinyi na kwa Bi Salama Mwinyi. Litaonekana Bonde la Nyuki kwa Bwana Makame Juma. Litaonekana Mchangani kwa Bi Zuwena..." Aliyasoma yote manane. "Habari ziwafikie popote walipo."

Bi Mize alikuwa ameiinamia redio mpaka paji la uso linaigusa. "Jina lake hakulitaja," alisema.

"Hakulitaja, dada. Lakini wao wamesikia."

Kesho yake, jua halijapanda, walifika. Shangazi watatu wa Kidutani, wametembea kwa miguu kutoka njia kuu, vumbi mpaka magotini, kila mmoja na kanga moja kiunoni na nyingine begani. Mkubwa wao, Bi Fatuma, alisimama ukingoni mwa turubai akasema, "Mize, tumesikia kwenu kuna wingu." Bi Mize akainuka. Hapo ndipo alipolia, miezi minane tangu mwanawe apande lori, alilia akilitaja jina lake, Machano, Machano wangu, na hakuna aliyempima.

Walipotulia, Bi Fatuma alimwona Saumu, amejikunyata nguzoni. Akauliza, "Na huyu nani?"

Mimi baba yake sikujibu. Saumu mwenyewe akainamisha kichwa.

Yule bibi akamwendea, akavua kanga yake nyeupe ya begani, akamfunika nayo kichwa. "Wewe ndiye wa Machano," alisema. "Njoo ukae na sisi, mjane wetu." Akamshika mkono, akampeleka mkekani, akamkalisha katikati yao.

Hayo ni ya mwezi jana. Mimi bado niko huru, maana mtu hafungwi kwa sababu ya wingu. Bwana Songoro amepandishwa cheo kwa utabiri wake makini. Watu wa miji mingine nao wametoa vitambaa vyao vyeupe, na mawingu sasa ni mengi, juzi alisoma mia mbili na kumi, ikamchukua mpaka saa mbili kasoro, na nchi nzima ilikuwa imezima majiko kumsikiliza. Rafiki Mkubwa amesikia habari za mawingu akatuonea huruma, ametuletea msaada wa miavuli elfu nane. Mvua haijanyesha. Ushuru wa ufuta haujarudi, wala hautusumbui, kwa kuwa mwaka huu ufuta hakuna. Waliokuwa wakiupanda hawapo, na magugu yamefika kiunoni.

Vijana wetu wa mara ya pili ni kumi na mmoja, na hakuna aliyerudi kutuletea habari zao. Saumu ametoka eda-siyo-eda yake kuja kunisaidia kufua turubai jeupe, tumelianika, tumelikunja. Sasa hivi inakaribia saa kumi na mbili na robo. Bi Tatu muuza vitumbua amekuja kukaa kibarazani na Bi Mize, wameshikana mikono, redio iko kati yao. Turubai nimeliweka karibu na mlango.